Kubadilisha alternateri ya gari

Alternateri ndiyo inarudishia betri nguvu wakati motere inazunguka. Hapa Goma vumbi la volkano ni kali. Likiingia ndani linakula makaa yanayopitisha umeme. Ikikufa, taa zinafifia, na gari la esanse linaweza kuzimika njiani usiku.

Tupime kwanza: motere ikizunguka, betri ya volti 12 ionyeshe karibu 14. Ikibaki 12, tuangalie mkanda na nyaya mbele ya kununua ingine.

Tuzime motere. Tutoe waya wa hasi kwanza, maana ufunguo ukigusa chanya na bodi pamoja, cheche zinaruka. Tuandike mahali pa kila waya, tulegeze mkanda, tufungue boliti. Tukifunga mpya, tukaze mkanda. Hasi irudi mwisho. Kisha tupime tena.