Roboti Nyumbani na Uhuru wa Mzee wa Kujiamulia

Kujitegemea na kujiamulia ni mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa katika tiba ya wazee. Anayejitegemea hufanya kazi zake kwa mkono wake; anayejiamulia huchagua nini kifanyike, hata kama mkono utakaokifanya ni wa mwingine. Mzee aliyepooza anaweza kuvishwa nguo kila asubuhi na bado akawa bwana wa siku yake. Tofauti hiyo imepata uzito mpya tangu roboti za huduma zilipoanza kujaribiwa kwa ajili ya makazi ya wazee.

Kati ya mwaka 2011 na 2014, mradi wa ACCOMPANY, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Hertfordshire nchini Uingereza, ulitumia Care-O-bot, roboti iliyobuniwa Ujerumani na taasisi ya Fraunhofer. Ina magurudumu, mkono mmoja na sinia. Huleta kinywaji na kukumbusha. Wataalamu wa maadili waliokuwamo, Tom Sorell na Heather Draper, walitaja tunu sita: uhuru wa kujiamulia, kujitegemea, kuwezeshwa, usalama, faragha na mahusiano na watu. Sita hizo hazikai pamoja kwa amani daima.

Achukuliwe bibi anayeishi peke yake, mwenye kidonda sugu cha mguu kitokanacho na udhaifu wa mishipa ya vena. Kutembea hukaza misuli ya shavu la mguu, nayo husukuma damu kurudi moyoni. Uvimbe hupungua na kidonda hupata nafasi ya kufunga. Roboti imeagizwa kumkumbusha kutembea. Bibi anaumwa, anasema hapana. Roboti yaweza kunyamaza, au kurudia baada ya nusu saa. Yaweza kutomletea chai ili aifuate mwenyewe jikoni, jambo ambalo kwa mtaalamu ni mazoezi na kwa bibi ni adhabu. Yaweza pia kumpelekea binti yake taarifa bila yeye kujua.

Kwa Uingereza na Wales, Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 imeweka wazi kwamba mtu hahesabiwi kuwa hawezi kuamua kwa sababu tu ameamua pasipo busara. Daktari anayekataliwa na mgonjwa mwenye akili timamu hueleza, hubembeleza (wengine hununa), kisha huheshimu. Hakuna sababu ya kuipa roboti mamlaka ambayo daktari mwenyewe hana.

Hata hivyo, hapana ya mzee ni habari ya kitabibu. Huenda maumivu hayajatulizwa, na kinachohitaji kurekebishwa ni dozi ya dawa, si tabia ya bibi. Huenda ni sonona, au kumbukumbu inafifia. Hayo huchunguzwa na mtu aliyeketi mbele yake. Uwezo wa kuamua nao hupimwa kwa kila uamuzi: mzee aliyeshindwa kusimamia fedha zake anaweza kujua vema kama anataka kutembea leo.

Ndiyo maana mazungumzo ya msingi hufanyika kabla roboti haijaingia nyumbani, na mzee mwenyewe akiwapo: itamkumbusha mara ngapi, nini kitaripotiwa na kwa nani, na ni chumba gani haitaingia. Swichi ya kuizima iwe mahali anapoweza kufika kwa mkono wake, hata siku ambazo mguu haumruhusu kunyanyuka kitini.