SOMO LA MWEZI: BAADA YA MATANGA KUANULIWA



Somo letu la mwezi huu ni kwa ajili ya wote ambao kazi yao, au wito wao, ni kuwatembelea wenye huzuni: wazee wa kanisa, akina mama wa Umoja, makatekista, walimu wa shule ya Jumapili, na kila jirani ambaye watu humwendea wanapokuwa na mzigo moyoni. Tutatazama mambo ambayo wataalamu wa elimu ya nafsi wamejifunza juu ya huzuni, na jinsi mtu wa kawaida, asiye daktari, anavyoweza kumsaidia mwenzake. Mengi yamejaribiwa karibu nasi, Uganda na hapo Moshi, basi asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu.

Kwanza tujitazame wenyewe. Sisi watu wa Same, wa tambarare na wa milimani, msiba tunaujua. Novemba 2009 mlima uliporomoka huko Goha, Mamba Miamba, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 20. Tarehe 28 Juni 2025 basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto pale Sabasaba, katika barabara ya Moshi na Tanga. Watu karibu 40 walikufa, na wengi wao waliungua hata wasitambulike. Katika misiba ya namna hiyo, na katika ile midogo ya kila juma, hakuna awezaye kusema kwamba watu wetu hawana moyo. Kuni huletwa, maji huchotwa, mchango huandikwa daftarini, na makande hupikwa ya kutosha kijiji kizima. Tunafanya kazi pamoja kama katika msaragambo.

Shida huja baadaye. Matanga yakisha kuanuliwa na turubai likisha kufungwa, wageni huteremka kwenda stendi, na mjane hubaki na nyumba yake. Hapo ndipo huzuni inapoanza kazi yake hasa. Mwezi wa kwanza huambiwa, "Jikaze." Mwezi wa tatu watu hushangaa mbona bado analia. Mwezi wa sita hakuna amtajaye tena marehemu mbele yake, ati wasije wakamkumbusha, kana kwamba amesahau! Nionavyo mimi, sisi ni hodari wa siku tatu na wavivu wa miezi mitatu.

Sasa tuvuke mpaka kidogo. Katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umeua watu wengi kupita kiasi. Watafiti waliofika huko walifanya jambo la busara: kabla ya kutoa dawa yoyote, waliwauliza wanavijiji wenyewe ni shida gani zimewapata tangu ugonjwa uingie. Wenyeji hawakutaja umaskini na maradhi ya mwili tu. Walitaja pia hali mbili za moyo kwa majina ya Kiganda. Moja ni ya mtu kujichukia nafsi yake, na nyingine ni ya mtu kujihurumia mno. Ukiziunganisha hizo, wataalamu wanasema, unapata karibu kabisa ule ugonjwa ambao sisi siku hizi tunauita sonona.

Mwaka 2002 vilichaguliwa vijiji 30. Katika nusu ya vijiji hivyo, watu wenye sonona waliundiwa vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Walikutana mara moja kwa juma, saa moja na nusu kila mara, kwa majuma 16. Nusu nyingine waliendelea na maisha yao kama kawaida. Viongozi wa vikundi hawakuwa waganga wala mapadre. Walikuwa wenyeji waliosoma sekondari, wakafundishwa kazi hiyo kwa majuma mawili tu. Kabla ya kuanza, katika kila watu 100 wa vikundi, 86 walikuwa na sonona kamili. Kwa wale wengine walikuwa 94. Majuma 16 yalipokwisha, wale wa vikundi walibaki wapatao 7 katika 100, na wale wengine walibaki 55.

Tazama hesabu hiyo vizuri, maana ina mambo mawili. Hata wale ambao hawakuwekwa katika kikundi, wengi walipata nafuu. Basi wazee wetu hawasemi uongo wanaposema muda huponya. Ila muda uliwaacha 55, na mazungumzo yakawaacha 7. Tofauti hiyo ni watu, ndugu zangu, wenye majina na watoto wa kulea.

Je, walizungumza nini? Njia waliyoitumia ilianzishwa Marekani katika miaka ya 1970 na Dakta Gerald Klerman na Bibi Myrna Weissman. Msingi wake ni mwepisi kuueleza: mara nyingi sonona huingia kwa kupitia jambo lililotokea kati ya mtu na watu wake. Kwa hiyo asiulizwe tu, "Unaumwa wapi?" Aulizwe pia, "Ilianza lini, na wakati huo ni nini kilikuwa kikitokea kati yako na watu wako?" Huko Uganda walitazama milango mitatu, nayo ni msiba, ugomvi, na mabadiliko ya maisha.

Katika msiba, mshauri humwongoza mfiwa amzungumze marehemu: alikuwa mtu wa namna gani, waliishi vipi, siku zake za mwisho zilikuwaje, na yapi yalikuwa mazuri na yapi yalikuwa magumu kati yao. Hapo penye "magumu" ndipo Waganda walipokwama, kama ambavyo Wapare nao wangekwama, kwa sababu marehemu hasemwi vibaya. Walilazimika kuuliza kwa upole zaidi, wakitafuta tu kama kulikuwa na jambo la marehemu lililomvunja moyo mfiwa. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Fikiri juu ya mjane ambaye mumewe aliuza kiunga cha migomba bila kumwambia, kisha akafa. Analia, nasi tunadhani analia kwa mapenzi peke yake. Lakini nusu ya machozi yale ni hasira, na juu ya hasira anaona aibu, kwa maana ni mke gani mwema amkasirikiaye mumewe aliye kaburini? Huyo ukimwambia "jikaze" umemfungia ndani. Ninyi mnaotumia ndiva mnaelewa: maji hukusanywa usiku ili yafunguliwe asubuhi yaende mashambani. Ndiva isiyofunguliwa itabomoa ukingo wake.

Katika ugomvi, jambo la kwanza ni kujua umefika hatua gani. Je, baba na mwanawe bado wanabishana juu ya shamba la tangawizi? Kubishana kuna matumaini, maana bado wanasemezana. Au wamenyamaziana, kila mmoja anapita njia yake ya kwenda kisimani? Au umekwisha kabisa, na kilichobaki ni kuachana kwa heshima? Kila hatua ina msaada wake. Msuluhishi anayesema "msameheane tu" kabla ya kujua hayo ni sawa na mganga anayetoa dawa bila kupima. Afadhali amuulize kila mmoja peke yake: unataka nini kwa mwenzako, na unadhani yeye anajua kwamba unalitaka hilo? Mara nyingi mtu atashangaa mwenyewe kugundua kwamba hajapata kulitamka.

Mlango wa tatu nitaupita upesi. Kijana aliyekwenda Mirerani kuchimba tanzanaiti akarudi mikono mitupu, mwalimu aliyestaafu, bibi aliyechukuliwa na mwanawe kwenda Dar es Salaam ambako hamjui jirani hata mmoja. Wote hawa hawakufiwa, lakini wamepoteza kitu. Waulize walichopoteza, na ni kipi kimebaki ambacho wanaweza kukishika.

Sasa juu ya watoto. Hapa pana desturi yetu moja ambayo sipendi kuifunika. Mama akifa, mtoto mdogo huambiwa, "Mama amesafiri." Hupelekwa kwa shangazi mpaka mazishi yapite. Nia ni njema, tunataka kumkinga. Lakini mtoto huona nguo zilizotundikwa, husikia watu wakinong'ona na kunyamaza anapoingia, na mwishowe hujijibu mwenyewe. Wengi hujijibu kwamba mama amekwenda kwa sababu wao walikosa jambo.

Wataalamu, pamoja na washauri wa kawaida waliofundishwa, walifanya kazi Moshi, na Bungoma huko Kenya, wakiwahudumia watoto waliofiwa na wazazi, wenye umri wa miaka 7 hadi 13. Watoto walikuwa 640. Nusu yao walikutana katika vikundi kwa majuma 12, na walezi wao wakawa na vikundi vyao. Walifundishwa kwanza kutuliza mwili na kuyataja maumivu kwa jina, kisha kila mtoto akasaidiwa kusimulia kifo cha mzazi wake kidogo kidogo, mpaka akaweza kukisimulia bila kutetemeka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Majuma hayo yalipokwisha, watoto wa vikundi walikuwa na nafuu kuliko wenzao katika sehemu tatu kati ya nne zilizojaribiwa. Baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo ilikuwa bado wazi Kenya, lakini kwa upande wa Tanzania watoto wote walikuwa wamekaribiana. Nalisema hili makusudi, ili mtu asidhani kuna njia isiyoshindwa. Lakini hakuna mahali ambapo kumwambia mtoto ukweli, kwa maneno ya umri wake na akiwa karibu na mtu anayempenda, kulionekana kumharibu.

Tuje kwenye kazi yenyewe ya kusikiliza. Rafiki zake Ayubu tunawalaumu sana, na tuna haki. Lakini someni tena mwisho wa sura ya pili. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Walikuwa washauri wazuri kwa juma zima! Walianza kuharibu walipofungua vinywa kueleza sababu za msiba wake.

Na sisi Waanglikana tunaye mwalimu wa karibu zaidi. Kasisi Chad Varah wa London alianzisha mwaka 1953 huduma ya watu waliokuwa wakifikiria kujiua. Walikuja wengi kumwona, na wakati wakingoja zamu, washarika waliojitolea waliwapa chai na kuzungumza nao. Baada ya muda kasisi aliona jambo la ajabu: wengi wakisha kunywa chai ile na kusikilizwa, hawakuhitaji tena kumwona yeye. Mwaka uliofuata akawakabidhi kazi ya kuwapokea watu. Hao ndio Wasamaria, na huduma yao ingali ikiendelea.

Basi unapokwenda kumtembelea mfiwa, mwamkie kama desturi ilivyo, kaa, na usiwe na haraka ya kufungua Biblia. Sala itapata nafasi yake. Uliza swali moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana". Kwa mfano: "Dada, usiku huwa unakuwaje?" Kisha nyamaza. Kimya kikiwa kirefu, kivumilie. Akilia, usimkimbilie na kumwambia "basi, basi". Maneno hayo mara nyingi ni ya kututuliza sisi. Akisema, "Sina thamani, mimi ni mkosi tu," usimbishie papo hapo. Muulize wazo hilo lilianza lini. Na kabla ya kuondoka taja siku utakayorudi, halafu urudi kweli.

Neno juu ya siri. Uliyoyasikia nyumbani kwa mtu hayaendi kisimani, wala hayaendi kwenye maombi ya kikundi. "Tumwombee dada yetu, mambo yake na shemeji zake ni mazito" ni umbeya uliovaa kanzu.

Hapana budi pia kujua mwisho wa uwezo wetu. Mtu asiyelala wala kula kwa majuma, anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayesema afadhali afe, anahitaji mganga. Usiogope kumuuliza waziwazi: "Je, umefikiri kujiua?" Swali hilo halimtii wazo ambalo hana, mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Dawa za mifugo na za shamba zitolewe nyumbani, kisha apelekwe hospitali ya Same, au KCMC Moshi ikibidi. Ugonjwa wa akili si aibu ya ukoo wala adhabu. Majirani zetu wa Usambara wanajua hilo tangu mwanzo wa karne ya 20, tangu kanisa lilipoanza kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo Lutindi.

MASWALI KWA VIKUNDI. Katika kitongoji chenu, ni nani aliyefiwa kati ya miezi mitatu na sita iliyopita, na ni nani amefika kwake tangu matanga? Andikeni nyumba hizo na kugawana, watu wawili kwa kila nyumba, mara moja kwa juma kwa majuma manane ya kuanzia. Na watoto waliofiwa walio katika shule ya Jumapili, kila mmoja ameambiwa nini juu ya mzazi wake, na ni nani aliyemwambia?