Somo: Nusu, Robo na Thumuni



Tuseme mama mmoja wa Kiwalani, Dar es Salaam, amemtuma mwanawe dukani. Amempa fedha za nusu kilo ya sukari. Mwenye duka si mwaminifu. Anapima robo kilo, kisha anamwambia mtoto, "Nusu ina mbili, robo ina nne. Leo nimekupa nyingi." Mtoto anashukuru. Anarudi nyumbani na gramu 250, lakini mama amelipia gramu 500.

Mtoto huyu si mjinga. Anajua kwamba 4 ni zaidi ya 2. Hajaonyeshwa tu kwamba katika sehemu mambo ni kinyume. Wewe mzazi unaweza kumwonyesha. Tafuta karatasi tatu zenye ukubwa sawa na kipande cha mkaa.

Hatua ya 1: Kukunja
Kunja karatasi ya kwanza katikati mara moja. Kunja ya pili katikati mara mbili. Kunja ya tatu katikati mara tatu. Zifungueni, mhesabu sehemu pamoja. Mtapata sehemu 2, sehemu 4 na sehemu 8.

Hatua ya 2: Kutia kivuli
Katika kila karatasi, mtoto apake mkaa sehemu moja tu.

Hatua ya 3: Kuandika
Karatasi ya kwanza ni nusu, 1/2. Ya pili ni robo, 1/4. Ya tatu ni thumuni, yaani moja ya nane, 1/8. Namba ya chini huitwa asili. Inasema kitu kimegawanywa sehemu ngapi zilizo sawa. Namba ya juu huitwa kiasi. Hapa inasema sehemu ngapi zimetiwa kivuli.

Hatua ya 4: Kulinganisha
Panga karatasi zote tatu. Muulize mtoto, "Kivuli kipi ni kikubwa?" Usimjibie. Mwache aone kwa macho yake. Kisha mpe mfano wa chapati. Chapati moja wakigawana watoto wawili, kila mmoja hupata kipande kikubwa. Wakigawana wanane, kila mmoja hupata kidogo. Asili ikiwa kubwa, sehemu moja huwa ndogo.

Jihadhari
Chora duara. Ligawe vipande vinne visivyolingana, kisha tia kivuli kipande kimoja. Muulize mtoto, "Je, hii ni robo?" Huenda akahesabu vipande vinne na kusema ndiyo. Mwambie avitazame tena. Si robo, kwa sababu vipande havilingani. Kugawa bila usawa si kugawa nusu wala robo.

Kwa nini tujifunze?
Mtoto huyu atakua. Atanunua, atauza, atagawa na kurithi. Chukua mfano wa mirathi ya Kiislamu. Baada ya kulipa madeni na kutimiza wasia, mjane hupata robo ya mali ikiwa mumewe hakuacha mtoto. Ikiwa ameacha mtoto, mjane hupata thumuni. Mjane asiyejua ipi ni kubwa anaweza kupewa thumuni mahali pa robo, naye akashukuru, kama yule mtoto wa dukani.

Maswali
1. Yule mtoto alipungukiwa gramu ngapi za sukari?
2. Katika 1/8, asili ni ipi? Kiasi ni kipi?
3. Ipi ni kubwa, 1/3 au 1/5? Eleza kwa mfano wa chapati.
4. Muhogo umekatwa vipande viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Je, kila kipande ni nusu? Kwa nini?

Kazi ya nyumbani
Fanya hatua zote nne na mtoto mmoja. Kisha mwambie naye amfundishe mwenzake.