Jumanne nani atateka maji?

Habari ikishaenea Gitega, hapa Kigali, kwamba mama fulani ana saratani ya titi, mlango wake haufungwi. Majirani wanakuja na matunda, wanakaa, wanasema "Pole mama, Mungu yupo, ukihitaji chochote tuambie," kisha wanaondoka. Wiki mbili baada ya dozi ya kwanza ya kemo, jerikeni ni tupu na hakuna wa kulijaza. Wala si roho mbaya. Jirani hajui afanye nini, na mgonjwa anaona haya kumtuma maji mtu mzima mwenzake.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla dawa ya kwanza haijaingia mwilini, tafuta daftari. Andika kazi za nyumba yako moja moja: maji, mkaa, soko, kufua, watoto kwenda shule, kukusindikiza hospitali. Mbele ya kila kazi weka siku, na nafasi ya jina. Mtu akikuuliza akusaidie nini, mfungulie daftari achague mwenyewe. Aliyeandika jina lake mbele ya Jumanne, Jumanne atakuja.

Wa kukusindikiza mchague kwa makini kuliko wote, na asiwe mtu wa machozi ya karibu. Yeye ndiye ataingia nawe kwa daktari, aandike majina ya dawa na tarehe ya kurudi, maana aliyeshtuka husikia nusu ya maneno. Awe pia ndiye anayeshika bahasha ya karatasi: rufaa, majibu ya vipimo, kadi ya mituweli, bima yetu ya afya. Mwaka wa mituweli huanza Julai, usiiache bima ikatike katikati ya matibabu.

Huenda ukapelekwa Butaro, wilayani Burera, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa 2012. Kule ni milimani na baridi ni kali, beba sweta na soksi. Mionzi hutolewa Kanombe, kwenye Hospitali ya Kijeshi, katika kituo kilichozinduliwa 2020. Zamani wagonjwa walitumwa nchi za nje kwa tiba hiyo. Mionzi huwa ni ya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma kadhaa, na nauli ya kutoka Gitega kwenda na kurudi inauma kuliko sindano. Kama uko kwenye ikimina, kile kikundi cha kuweka akiba, wenzako waelezwe mapema, na nauli nayo iingie kwenye daftari.

Sasa kemo yenyewe. Dawa moja inayotumika sana ni nyekundu, na ukipewa hiyo mkojo unaweza kuwa mwekundu siku moja au mbili. Si damu, usiogope. Cha kuogopa ni homa. Kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14 kinga ya mwili hushuka sana, na kijidudu kidogo kinaweza kuua. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38, hata kama ni saa nane ya usiku, nenda hospitali na useme wazi kwamba uko kwenye kemo. Usimeze kwanza dawa ya kutuliza homa ukalala, maana homa itajificha na ugonjwa utaendelea.

Choo cha uani kinachotumiwa na nyumba tatu kinataka utaratibu. Kwa siku mbili baada ya dozi, mkojo na matapishi yako yana mabaki ya dawa: mwaga maji, funika, nawa kwa sabuni, na anayefua mashuka yako avae glovu. Waeleze majirani kwa upole kwamba saratani haiambukizi. Ni dawa tu inayohitaji tahadhari.

Chakula kisikutese. Harufu ya mafuta ikikuchefua, mwenzako apikie nje nawe ule kikiwa kimepoa. Uji wa ulezi kidogokidogo, mayai yaliyoiva kabisa, dagaa, maharage. Maziwa yachemshwe. Kinywa kikiwa na vidonda, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Mtu akikuletea majani ya kuchemsha, mshukuru, lakini usinywe kabla ya kumwonyesha daktari, hata kama aliyeleta ni shangazi yako. Na Ramadhani ikikukuta katikati ya dozi, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Usijitwike deni ambalo dini yenyewe imekuondolea.

Nywele zitakatika. Wanawake wengi hunyoa mapema ili wasiziokote kwenye mto kila asubuhi, nami naona ni busara. Funga kitambaa laini cha pamba.

Ukishafanyiwa upasuaji na matezi ya kwapa yakatolewa, mkono wa upande huo usibebe jerikeni wala usipimwe presha au kuchomwa sindano. Kutousogeza kabisa nako ni kosa. Daktari akiruhusu, upandishe taratibu ukutani kwa vidole kila siku. Mkono ukivimba, sema mapema.

Mume wako anaweza kukaa kimya. Mara nyingi ni hofu. Mpe naye mstari wake kwenye daftari, na umwonyeshe kovu siku utakayochagua wewe.

Kisha dozi zitaisha na wageni watapungua. Ikiwa uvimbe wako ni wa kutegemea homoni, utaanza kumeza tamoksifeni au dawa ya aina hiyo kila siku, kwa miaka 5 au zaidi, bila sherehe wala matunda ya wageni. Hapo fungua ukurasa mpya wa daftari, uandike jina la yule atakayekuuliza kila jioni: umemeza?