SOMO LA MAKATIBU: MANENO YA TOVUTI YA CHAMA NI DHAMANA YA NANI?

Zamani chama kilipotaka kuchapishiwa vitabu vya stakabadhi, mpiga chapa alimletea katibu nakala ya majaribio kabla ya kuanza kazi. Katibu aliisoma, akaisahihisha kwa kalamu, akatia sahihi na tarehe. Kosa lililokuwamo katika nakala hiyo likapita bila kuonekana lilikuwa la chama. Kosa lililozuka baadaye lilikuwa la mpiga chapa, naye aliirudia kazi kwa gharama yake. Siku hizi vyama vimeanza kuwa na tovuti, na desturi hiyo njema aghalabu husahauliwa, ingawa haja yake haikupungua hata kidogo.

Yafikiriwe mapatano ya kawaida. Chama cha wakulima wa mahindi, maharage na alizeti katika kata ya Mwimbi, Wilaya ya Kalambo, chaagana na fundi wa Sumbawanga mjini akitengenezee tovuti. Bei imetajwa, malipo ya kwanza yametolewa, idadi ya kurasa imekubaliwa. Jambo moja tu halikutajwa: nani atayaandika yatakayosomwa katika kurasa hizo. Chama kinadhani kwamba fundi ndiye mwandishi, kwa kuwa ndiye anayelipwa. Fundi anadhani kwamba chama kitamletea maneno, kwa kuwa ndicho kinachojijua. Mavuno yanafika, na mnunuzi anayeifungua tovuti anakuta kurasa tupu. Katibu anamlaumu fundi kwa uvivu, na fundi anadai salio lake. Kila mmoja ana haki kiasi chake, na ndiyo sababu ugomvi wa namna hii ni mgumu kuamuliwa.

Lililo baya zaidi ni fundi kuchoka kungoja, akaandika mwenyewe. Ataandika, kwa nia njema kabisa, kwamba chama kina “mahindi makavu ya daraja la kwanza, wakati wote, kwa bei nafuu ya gunia.” Maneno hayo yanapendeza, lakini karibu kila moja ni deni. Mahindi makavu, kwa kiwango cha Afrika ya Mashariki kiitwacho EAS 2, ni yale ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 13.5, fundi hana kipima unyevu wala hajapata kuingia ghalani. Ufipa una msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, basi “wakati wote” hutegemea akiba iliyobaki, ambayo mtunza ghala peke yake ndiye aijuaye. Na gunia ni la kilo ngapi? Wakulima walioumizwa na lumbesa hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Bei ya kilo moja haina utata.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimwachii msemaji kwa sababu tu aliamini alilolisema. Kifungu cha 18 kinahesabu kuwa upotoshaji hata kauli isiyo ya kweli iliyotolewa kwa uthabiti na mtu asiye na taarifa za kutosha kuithibitisha, ijapokuwa mwenyewe anaisadiki. Mnunuzi aliyekubali mkataba kwa kauli hiyo aweza kuukataa. Naye hatamtafuta fundi, kwa kuwa hamjui. Jina lililo juu ya ukurasa ni la chama.

Kwa hiyo mapatano yanapaswa kugawa dhamana kwa kufuata ujuzi. Habari za mazao, bei, vipimo, uongozi na historia ya chama zitolewe na chama, na chama kizijibie. Mpangilio wa kurasa, usomekaji wake katika simu, na kunakili maneno pasipo kuyabadili viwe juu ya fundi. Fundi akitakiwa pia kutunga au kufasiri kwa Kiingereza, kazi hiyo itajwe mbali na ilipwe mbali, na tafsiri ikaguliwe na mtu aliyeteuliwa na chama. Picha nazo zisichukuliwe kiholela mtandaoni, kwani picha ya mwenyewe hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Orodha ya wanachama yenye majina na namba za simu isitolewe kwa fundi ati ukurasa ujae. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na chama hakisamehewi kwa kuwa ni cha kijijini.

Kifungu cha mapatano chaweza kuandikwa hivi: “Chama kitamkabidhi Fundi maneno yote kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa. Fundi hatachapisha neno lolote ambalo Chama hakijaliidhinisha kwa maandishi. Chama kikichelewa, Fundi atakabidhi kurasa zilizo tayari na kulipwa kwa kadiri ya kazi iliyokwisha. Kurasa zilizobaki zitangoja.” Sentensi ya mwisho huchukiwa na vyama vingi, lakini pasipo hiyo fundi hulazimika ama kukaa bila malipo ama kubuni maneno.

Idhini hiyo isiwe ya katibu peke yake. Bodi iyasome maneno, na azimio liingie katika kumbukumbu za mkutano. Hiyo ndiyo kinga ya katibu siku ya lawama. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki, hivyo idhini iliyotumwa kwa barua pepe si bure. Hata hivyo ni vema ichapwe na kutiwa jaladani, maana simu hupotea.

Bei ya mazao hubadilika baada ya tovuti kufunguliwa. Mapatano yaseme nani ataibadilisha, kwa muda gani na kwa malipo gani, na kila bei iandikwe pamoja na tarehe yake. Nywila ya tovuti iwe mikononi mwa chama tangu siku ya makabidhiano, katika bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la fedha, na itajwe katika hati ya makabidhiano kila katibu anapobadilishwa.