Kwenda Mbulu na Hanang Kusikiliza

Anayetaka mhadhara wenye viti vilivyopangwa, kipaza sauti na chai ya saa nne abaki Dar es Salaam. Mbulu na Hanang usitegemee ratiba iliyobandikwa mlangoni. Wasemaji wapo, tena wa kiwango, ila mwaliko unauomba mwenyewe, na ukishakaribishwa kuketi hutakiwi kukaa kimya kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Hata hivyo Dar si pa kupita mbio. Kabla ya kupanda basi, tenga siku moja ya Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Ulizia kitabu cha W. D. Kamera, Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, kilichotoka miaka ya 1970. Ukikikosa, nenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyo wa Afrika Mashariki. Anayesoma Kiingereza aongeze George Klima juu ya Wabarabaig wa Hanang (1970) na Robert Thornton juu ya Wairaqw wa Mbulu (1980). Ipo pia kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya mwaka 2002, kazi ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Husomi ili uende kuwaeleza wenyeji mambo yao. Unasoma ili uwe na swali la kuuliza. Mzee akiulizwa swali zuri husogeza kigoda. Akiulizwa "tuambie mila zenu", humwita kijana aje akupe maneno mawili matatu ya kukuridhisha.

Sasa njia. Lami ya kutoka Arusha inapita Babati na Katesh hadi Singida, na mabasi yake ni ya kila siku. Mbulu mjini unafika kwa kupitia Karatu au kwa kupandia Babati. Haydom unaingia kutoka Mbulu kwa njia ya Dongobesh, au kutoka Katesh kwa njia ya Basotu. Sehemu kubwa ya barabara hizo za ndani imekuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na masika yanaligeuza vumbi kuwa tope. Kwa hiyo nenda kati ya Juni na Oktoba, na chukua koti zito. Watu wa pwani huwa hawaamini wakiambiwa habari za baridi ya Mbulu mwezi wa Julai, mpaka waikute.

Anzia Haydom. Ni mji mdogo uliokua kandokando ya hospitali ya Kilutheri, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, na ndipo kilipo kituo cha utamaduni kinachoitwa kwa kifupi 4CCP, yaani programu ya utamaduni ya pembe nne. Pembe zenyewe ni makundi manne ya lugha: Kiiraqw ambacho ni Kikushi, Kidatoga cha Kinilo, Kinyiramba na Kinyisanzu vya Kibantu, na Kihadzabe chenye sauti za vidoko. Vitabu vya zamani vilikiweka Kihadzabe fungu moja na lugha za Wakhoisan wa kusini mwa Afrika. Siku hizi wanaisimu wengi wanasema hakina ndugu popote. Ni nadra duniani kukuta makundi manne ya lugha yasiyo na undugu yakinunua chumvi kwenye duka moja. Hapa ni jambo la kila siku, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Kwenye kituo utakuta nyumba za jadi za jamii hizo. Kwenye ile ya Kiiraqw usiwe na haraka. Ni tembe lenye paa bapa la udongo, na mababu walikuwa wakilichimbia kwenye mteremko, nusu chini ya ardhi, ili adui aliyekuja kuteka ng'ombe apite bila kuliona. Muulize mwenyeji wako moshi ulitokea wapi na ng'ombe walilala wapi. Hayo maswali mawili yanatosha kumfanya mtu azungumze asubuhi nzima. Kituo kimekuwa pia kikiandaa tamasha la ngoma na michezo. Uliza tarehe kabla ya kukata tiketi, maana kufika wiki moja baada ya tamasha ni kufika kwenye uwanja mtupu.

Jambo ambalo mimi ningelifuata hata kama tamasha halipo ni slufay. Ni usemi wa baraka wa Wairaqw: mzee mmoja hutamka, mstari kwa mstari, na waliokaa huitikia. Huombwa mvua, afya, mifugo na amani, na mabaya huambiwa yaende mbali. Zamani ilisikika hasa watu walipokaa pamoja kwenye pombe ya kienyeji. Si maonyesho. Bila waitikiaji msemaji hana anachojengea, na mgeni aliyeketi na simu mkononi anaacha pengo kwenye duara. Kabla mzee hajaanza, mwombe jirani yako akufundishe kiitikio. Ukikosea matamshi watacheka kidogo, kisha wataendelea. Hiyo ndiyo warsha yenyewe, na kiingilio chake ni sauti yako.

Neno kidogo kuhusu maandishi, maana majina ya watu na vibao yatakusumbua. Ukiona hh, kama katika jina Hhawu, hiyo ni ح ya Kiarabu. Aliyepita madrasa hana kazi hapo. Mkwaju ulalao, /, ukiwa katikati ya neno ni ع, si kosa la mchapaji. Sl, kama katika Slaa, hutamkwa hewa ikipita pembeni mwa ulimi. Hiyo hutaipata siku ya kwanza.

Jinsi ya kuomba mazungumzo: usimwendee mzee moja kwa moja. Pitia ofisi ya kijiji au kituo, upate mtu wa kukupeleka. Ukifika, "Shikamoo mzee", kisha habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, bila kuruka hata moja, ndipo useme umetoka wapi na unataka kusikia nini. Malipo myapange mapema na mwenyeji wako, wala usiyatoe mbele za watu. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa kwa maneno, usiombe kwa kuinua simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia ngano na sanaa za jadi, na anayekuja kwa utafiti anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mtalii wa kawaida hahitaji hicho, anahitaji adabu.

Yaeda Chini, bondeni, ni kwa Wahadzabe. Idadi yao yote haizidi sana watu 1,000. Upande wa Karatu, kuzunguka Ziwa Eyasi, kuwatembelea kumegeuka biashara ya saa mbili: piga mshale, piga picha, ondoka. Ukija Mbulu usiilete biashara hiyo huku. Pitia kijiji cha Mongo wa Mono, ambako mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi, jambo ambalo wenyewe wanaweza kukueleza kwa undani kuliko kijitabu chochote. Usilipe kwa pombe wala tumbaku, hata ukiombwa.

Kisha Hanang. Makao yake ni Katesh, chini ya mlima wa mita 3,420, wa nne kwa urefu Tanzania. Kupanda ni kwa kibali cha TFS, wakala wa misitu, na mwongozaji, na ni safari ya kutwa nzima kwa mwenye miguu mizuri. Kumbuka lakini kwamba tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka mlima huu na kuua watu zaidi ya 80. Usiwaulize watu wa Katesh wakuonyeshe "yalipopita". Atakayetaka kusimulia atasimulia.

Hapa wenyeji wa mazungumzo ni Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Wanawake wao wana baraza ambalo linaweza kumshitaki mwanamume aliyevunja heshima ya mwanamke, likamtoza faini ya ng'ombe. Ukibahatika kukaa na mama wa makamo, zungumzia hilo na sketi ya ngozi waiitayo hanang'wend, mwache aendelee. Bung'eda, mazishi makuu ya mzee mwenye heshima, huchukua miezi kadhaa na huishia kwenye kichuguu kirefu cha udongo juu ya kaburi. Ukialikwa, nenda. Usipoalikwa, usiende, hata kama umesikia kwamba wageni wengine waliingia.

Ukipita Basotu utaona mashamba yasiyoisha. Yalikuwa sehemu ya mradi wa ngano wa NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, uliosaidiwa na Kanada, ulioanza miaka ya 1960 mwishoni na kufikia mashamba saba na ekari zipatazo 100,000. Wabarabaig walipoteza malisho yao bora, na plau zilipita hadi juu ya makaburi ya wazee wao. Kesi zilikwenda mahakamani, na Charles Lane aliandika kitabu, Pastures Lost (1996). Hii ndiyo habari wazee wa Hanang wanayoijua kwa majina ya mabonde na visima. Isikilize ukiwa hapo, si Dar. Usichangie maoni yako kuhusu kilimo cha kisasa.

Kwa walio na siku chache: Haydom siku tatu, Katesh mbili, mji wa Mbulu usiku mmoja. Ukiweza kuzipanga siku zako ziangukie siku ya mnada, panga hivyo. Ng'ombe, mablanketi na nyama choma huwaleta pamoja watu ambao ungewatafuta wiki nzima, ila uliza mapema mnada wa eneo hilo ni lini. Nyakati za Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, unaweza pia kuuliza shuleni kama kuna mashairi au mjadala. Mgeni mwenye Kiswahili safi hukaribishwa kusema neno, kwa hiyo nenda na neno tayari.

Na ukirudi nyumbani na picha au sauti ya mzee, usiishie kumtumia rafiki. Tengeneza nakala, andika jina la msemaji kama amekubali, kijiji na tarehe, na uirudishe kijijini ulikoipata. Wajukuu wake wengi wanasoma mbali, na ndio watakaoitafuta.