Somo la Sita: Pale Deni Linapozidi Mali

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu aliyeishiwa mtaji husemwa kuwa "amefilisika". Sheria haisemi hivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, muflisi ni mtu aliyetangazwa na mahakama kuwa hawezi kulipa madeni yake, na tangazo hilo hubadilisha hali yake kisheria. Tofauti hii ndiyo kiini cha somo, kwa kuwa wafanyabiashara wengi huuogopa ufilisi wasioujua, na wakati huohuo huacha haki ambazo tayari wanazo.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la vitenge na viatu hapa Somanda. Wateja wake wengi ni wakulima, nao huchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa msimu wa pamba. Msimu ukiwa mbaya, madeni ya wateja hubaki daftarini. Benki inamdai shilingi 4,000,000, muuzaji wa jumla wa Mwanza 1,500,000, na mkopeshaji wa mtaani, yule wa mikopo inayoitwa kausha damu, 800,000. Jumla ni 6,300,000. Dukani kuna bidhaa za shilingi 2,100,000, na wateja wanadaiwa 2,600,000. Hata kila mteja akilipa, pengo ni 1,600,000.

Jambo la kwanza la kuangalia ni sura ya biashara yenyewe. Iwapo mama huyu amesajili jina la biashara tu kwa BRELA, sheria haitenganishi duka na yeye. Deni la duka ni deni lake. Angekuwa na kampuni yenye ukomo wa dhima, kampuni ndiyo ingedaiwa, isipokuwa kama yeye binafsi alitia saini kuwa mdhamini. Mabenki huomba saini hiyo mara nyingi, na wengi huitia bila kuisoma.

Mdaiwa aliyeshindwa kulipa anaweza mwenyewe kupeleka maombi ya ufilisi, au mdai anaweza kuyapeleka dhidi yake. Shauri hilo husikilizwa na Mahakama Kuu, si Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikitoa amri ya kupokea mali, mali ya mdaiwa huwekwa chini ya Mpokezi Rasmi, ambaye kazi yake hufanywa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Tangu hapo mdai wa kawaida hawezi kumfuata mdaiwa kivyake bila ruhusa ya mahakama. Mdaiwa hutoa maelezo ya mali na madeni yake yote, wadai hukutana, naye huhojiwa hadharani mahakamani. Wadai wanaweza kukubali pendekezo la malipo pungufu. Wasipokubali, hutangazwa muflisi na mali yake hugawanywa.

Mwenye dhamana, kama benki iliyowekewa rehani, huitegemea dhamana yake. Baada yake hutangulia madeni ambayo sheria imeyapa kipaumbele, yakiwemo ya kodi na mishahara. Wengine hugawana kilichobaki kwa uwiano. Ndiyo maana kumlipa ndugu deni lake lote siku chache kabla ya maombi, au kumwandikisha shemeji kiwanja, hakusaidii: malipo na uhamisho wa namna hiyo unaweza kubatilishwa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Muflisi hafunguliwi kwa kupita kwa miaka peke yake. Huomba mahakama imwachilie, na deni alilolipata kwa udanganyifu humfuata hata baada ya hapo.

Kwa maoni yetu, mama wa mfano huu hana sababu ya kufika huko. Gharama za shauri zingekula sehemu kubwa ya mali anayotaka kuinusuru. Afadhali apeleke daftari lake benki kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, aombe ratiba ifuate msimu wa mauzo, na makubaliano hayo yaandikwe. Kuhusu kausha damu, aanze kwa kuuliza leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia sheria hiyo. Asimwachie mtu yeyote kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri.

Endapo mdai atashinda kesi, bado si kila kitu huchukuliwa. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, hulinda nguo na vyombo vya kupikia vya lazima, matandiko, zana za fundi, na kwa mkulima jembe, mbegu na mifugo ambayo mahakama itaona ni ya lazima kwa riziki yake. Nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake nayo imelindwa, lakini si ile aliyoiweka rehani kwa hiari. Rehani ya nyumba ya ndoa huhitaji ridhaa ya mwenzi, na mkopeshaji hutoa notisi ya siku sitini kabla ya kudai deni zima.

Deni la kawaida si jinai. Polisi hawana kazi ya kulikusanya. Kifungo cha madai kipo, kisichozidi miezi sita, lakini hutolewa na mahakama baada ya kumsikiliza mdaiwa, na anayeshindwa kwa umaskini wa kweli anaweza kuieleza mahakama hivyo.

Asiye na fedha za wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia msajili msaidizi katika halmashauri. Aende na mikataba yote, risiti za marejesho, daftari la wateja, na barua yoyote aliyopokea, pamoja na bahasha yake, kwa kuwa siku ilipopokelewa notisi ndiyo siku zinapoanza kuhesabiwa.